Kipaimara, kibapa na daftari la madeni: kisa cha kijana mmoja wa Moshi

Kijana huyu nitamwita Elibariki. Si jina lake, na mambo kadhaa ya familia yake nimeyageuza ili jirani asimtambue. Alikuwa na miaka 15, kidato cha pili katika shule ya kutwa mjini Moshi, mtoto wa pili kati ya watatu. Nyumbani ni Pasua. Baba ni dereva wa lori, anashinda njia ya Dar es Salaam na Tunduma, anarudi kwa siku chache kisha anaondoka tena. Mama anauza vitunguu na nyanya soko la Mbuyuni. Babu yupo Kibosho na kihamba chake, shamba la ukoo. Hakuna mlevi katika nyumba ile: baba hunywa bia mbili tatu akirudi safari, mama haonji kabisa, Jumapili wote wako kanisani. Nalisema hili mapema kwa sababu wazazi wengi ninaokaa nao katika kazi hii ya ushauri wa familia huanza kwa kuniambia "kwetu hakuna mambo hayo", na wanasema kweli.

Mama ndiye aliyekuja kwanza, na kilichomleta hakikuwa pombe wala bangi. Ilikuwa hesabu ya genge lake la sokoni. Kila jioni Eli akipita kumsaidia kufunga, hela zilipungua. Halafu mwalimu wa darasa akapiga simu kuuliza mbona mtoto haonekani vipindi vya mchana. Halafu siku moja akifua, akakuta kifuniko cha kibapa, ile chupa bapa ndogo ya pombe kali, kwenye mfuko wa suruali ya shule. Kifuniko tu, bila chupa. Alipomuuliza, Eli akamjibu kwamba ni cha kuchezea drafti. Jibu likamwingia, maana vijana wetu kweli wanacheza drafti kwa vifuniko.

Baba alipopigiwa simu akiwa Mbeya, alitoa hukumu papo hapo: "Huyo hana adabu. Nikirudi nitamnyoosha, na muhula ujao bweni."

Na kweli alimnyoosha. Mkanda. Eli akaondoka usiku ule na hakuonekana kwa siku mbili, mpaka alipopatikana amelala kwenye kibanda cha sehemu ya kuoshea magari, kwa vijana waliomzidi umri. Hapo ndipo wazazi wote wawili walipokuja pamoja. Baba alikuwa mchovu kuliko mkali.

Walikuwa wanamtafuta teja

Nilipomuuliza baba alitegemea kuona nini kama mtoto anatumia kilevi, alinieleza mtu wa stendi: amekonda, anasinzia amesimama, nguo chafu, anaomba mia tano mia tano. Huyo ni mtu aliyefikia mwisho wa safari ya heroini. Eli alikuwa msafi, mwenye "shikamoo" ya kila mtu, tena alinenepa kidogo. Kwa picha aliyokuwa nayo baba, mtoto wake alikuwa salama, na picha hiyo ndiyo inayowachelewesha wazazi wengi.

Nikamwomba mama kitu kimoja. Asimpekue, asimgombeze, asimfuate. Aandike tu anachokiona, kila siku, bila kuweka maoni. Alitumia kurasa za mwisho za daftari lake la madeni, lile la wateja wanaokopa. Wiki iliyofuata ilikuwa na mistari hii:

"Jumatatu. Karudi saa moja na nusu usiku. Kala ugali wote, kakomba na sufuria. Macho mekundu. Anacheka na simu bila sababu.

Jumatano. Hajala. Anaongea sana. Kamfundisha mdogo wake hesabu mpaka saa sita. Saa nane taa bado inawaka.

Alhamisi. Haamki. Mkali kama nyuki. Elfu tano haipo.

Jumamosi. Kwaya hajaenda tena. Kajipulizia manukato ya baba yake, anatafuna Big G."

Jumatatu na Jumatano hazifanani, na hilo ndilo lililonishtua. Njaa isiyo ya kawaida, macho mekundu na kicheko cha bure ni njia ya bangi. Kukosa hamu ya kula, maneno mengi na kutolala ni njia ya mirungi, majani ya kutafuna yanayokesha mtu. Alhamisi ni malipo ya Jumatano: mirungi ikiisha mwilini mtu anaporomoka, anakuwa mzito na mwenye hasira. Kwa hiyo hatukuwa na mtoto aliyejaribu kitu kimoja na wenzake. Tulikuwa na mtoto anayejipandisha kwa hiki na kujishusha kwa kile.

Jumamosi nayo inasema jambo, na baba alilielewa kabla sijamweleza. Manukato na Big G vilianza baada ya mkanda. Kipigo kilikuwa kimemfundisha kujificha vizuri zaidi.

Niweke tahadhari hapa, maana najua mzazi anayesoma ataenda kumkagua mwanawe macho leo usiku. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Kijana wa miaka 15 anakua, lazima atakula sana. Balehe yenyewe inasogeza usingizi wake mbele, atachelewa kulala na kuchelewa kuamka. Macho mekundu yanaletwa na moshi wa jikoni, vumbi, mzio au kukosa usingizi. Kununa ni kwa umri huo. Hata mtoto mwenye msongo mzito wa mawazo anaacha marafiki, anaacha kwaya, anashuka darasani, bila kugusa kilevi chochote, na huyo naye anahitaji msaada wa haraka. Linganisha mtoto na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita, usimlinganishe na wa jirani. Mabadiliko yakikusanyika, pesa, usingizi, marafiki, shule na vile alivyovipenda vyote vikageuka ndani ya kipindi kimoja, hapo usisubiri ushahidi wa mkononi.

Vipimo vya mkojo vipo, na baba alitaka kimoja. Sikumkatalia, ila nilimuuliza angefanya nini na jibu. Bangi inaweza kuonekana kwenye mkojo siku nyingi baada ya kuvutwa, hata wiki kwa anayevuta mara kwa mara. Kipimo hakisemi ni kiasi gani, tangu lini, wala kwa nini, na mtoto aliyepimwa kwa hila ataacha kukuambia lolote. Aliamua kuzungumza kwanza.

Mazungumzo kwenye lori

Tulikubaliana mambo machache. Wazazi wakubaliane wao wenyewe kabla ya kumwita mtoto, kwa sababu Eli alishajua kumkimbilia mama baba akiwaka. Wasizungumze siku ambayo amelewa au ametoka kuvuta, hata kama hasira imepanda. Siku hiyo ni ya kuhakikisha yuko salama tu. Na baba aanze kwa alichokiona, asianze kwa "unavuta?", kwa sababu swali la ndiyo au hapana kwa mtoto mwenye hofu lina jibu moja.

Baba alichagua kuosha naye lori, asubuhi, wawili tu. Kwangu huo ulikuwa uamuzi bora wa kisa chote, na ulikuwa wake. Watu wanaofanya kazi bega kwa bega hawalazimiki kutazamana machoni. Alimwambia hivi, kama alivyonisimulia: "Mwanangu, mama yako anapungukiwa hela. Hulali. Kwaya umeacha, na wewe ndiye ulikuwa unanisumbua nikununulie suti ya kwaya. Sijaja kukupiga. Nataka kujua kinachoendelea."

Eli alisugua tairi moja mpaka likaisha. Halafu akasema: "Baba, mbona bia ya kwanza nilipewa mbele yako?"

Ilikuwa siku ya kipaimara chake. Kwa wasioifahamu Kilimanjaro, kipaimara kwetu ni sherehe inayokaribia harusi: turubai, mshereheshaji, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, amesimama mezani na majani mdomoni, kreti zimepangwa mpaka usawa wa kifua. Eli alikuwa na miaka 14, amevaa suti. Baba mdogo akamshika bega, akampa chupa iliyofunguliwa, akasema leo umekuwa mwanaume. Watu wakapiga makofi. Baba alicheka. Baada ya hapo, vijana waliokuwa wakikusanya chupa wakawa wanamalizia mabaki nyuma ya jiko, na hakuna mtu mzima aliyewaangalia kwa sababu wote walikuwa mbele wakicheza.

Tunawafundisha watoto waogope mtu mgeni mwenye kitu mfukoni. Ninaowasikia mimi wengi walianzia kwa mtu wanayemwita baba mdogo, kaka au binamu, kwenye sherehe iliyofunguliwa kwa sala.

Mlango wa pili ulikuwa mdogo zaidi kwa macho, ila ndio uliompa njia ya kuendelea. Baba akirudi safari, Eli ndiye aliyetumwa bia dukani kwa Mangi. Miaka miwili ya kutumwa. Mwenye duka alimzoea kiasi kwamba Eli alipoanza kwenda kwa haja zake, hakuulizwa chochote zaidi ya "mzee karudi?" Anajibu "ndiyo", anapewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe au sigara, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Mwenye duka anaijua. Lakini mtaani kwetu "ametumwa" ni kibali kinachozidi sheria, na kibali hicho tunakitoa sisi wazazi.

Viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, wazazi wengi tulipumua, na tulikuwa na haki, maana pombe ile ya pakiti ilikuwa inaingia hata kwenye soksi za shule. Kibapa kimechukua nafasi. Ni chupa bapa, inakaa mfukoni bila kuvimba, na vijana wanne wakichanga kila mmoja anatoa hela ya nauli tu. Ndiyo maana Eli alikuwa anatembea kwa miguu kurudi nyumbani, na ndiyo maana alichelewa.

Mirungi ya kusomea

Sehemu ya mirungi ilimuumiza mama kuliko zote, kwa sababu yeye alikuwa akijivunia usiku ule wa taa kuwaka. Eli alikuwa anaanguka hesabu. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba, na asiyefikia wastani anarudia darasa. Kwa mtoto ambaye dada yake mkubwa alifaulu vizuri, aibu hiyo ilimkaba. Wenzake wa kidato cha nne wakamwambia kuna kitu kinakufanya ukeshe na kichwa kikae sawa. Mirungi inalimwa kwenye milima ya Same, kama kilomita 100 tu kutoka Moshi mjini. Inasafirishwa upesi ikiwa imefungwa kwenye majani ya mgomba, kwa sababu kemikali yake yenye nguvu, kathinoni, inapungua haraka jani likinyauka. Ladha yake ni chungu, ndiyo maana wengi huitafuna pamoja na Big G.

Kathinoni ni ndugu wa amfetamini, dawa kali ya kusisimua mwili. Inamfanya mtu ahisi anaelewa, na hisia ile ni ya kweli kwake. Lakini ubongo huyahifadhi yaliyosomwa wakati wa usingizi, na Eli hakuwa analala. Kwa hiyo alisoma zaidi na kukumbuka kidogo, akaongeza mirungi. Baada ya mikesha miwili mitatu akawa hawezi kulala hata akitaka, na hapo kijana mmoja wa kuosha magari akampa msokoto: "Vuta hii, utalala kama mtoto." Bangi nayo haijatoka mbali, mashamba yake yamekuwa yakifyekwa mara nyingi kwenye milima ya Arumeru, upande wa pili wa barabara yetu hii ya Arusha.

Hii ndiyo sababu sikukubaliana na bweni. Bweni lingemwondoa kwenye kibanda cha magari, ni kweli, ila lingempeleka na hesabu zilezile, hofu ileile na vijana wengine wanaokesha, mbali na mama mwenye daftari. Mtoto huyu hakuanza mirungi kwa uhuni. Alianza kwa kuogopa kufeli, na hakuna aliyejua kuwa anaogopa.

Niliwaeleza wazazi kwa nini umri huu ni hatari. Sehemu ya ubongo inayoshika breki, ile inayopima "nikifanya hivi kesho itakuwaje", ndiyo inayokomaa mwisho, miaka ya ishirini na kitu. Anayeanza pombe mapema ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuwa mtegemezi kuliko anayeanza utu uzimani. Bangi kwa kijana, hasa ya mara kwa mara na kwenye ukoo wenye historia ya ugonjwa wa akili, inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa: kusikia sauti, kuona watu wanamfuata. Niliuliza kuhusu ukoo. Yupo shangazi upande wa mama. Kwa hiyo nilisisitiza aonwe hospitali, na wakaenda. Hapa Moshi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na KCMC zina huduma za afya ya akili, na kwenda huko hakumaanishi mtoto ni kichaa. Waliongea naye, wakaangalia usingizi na hali yake ya moyo, wakampangia kurudi.

Mama alikwenda shuleni kabla shule haijamwita. Alimwomba mwalimu wa malezi amsaidie apate masomo ya ziada ya hesabu na kumweleza kwa nini vipindi vilikosekana. Ilihitaji ujasiri, kwani shule inaweza kumfukuza mtoto kwa jambo hili. Mwalimu alimpokea vizuri. Si kila mahali itakuwa hivyo, lakini mzazi anayefika mapema na mpango mkononi husikilizwa tofauti na anayefika ameitwa.

Pia alikwenda dukani. Alimwambia mwenye duka mbele ya wateja: "Kuanzia leo mwanangu hatumwi bia. Akija, hujamwona mteja, umemwona mtoto. Nipigie." Baba siku hizi anajinunulia mwenyewe.

Sheria za nyumbani ziliandikwa chache. Saa ya kurudi. Hela ya genge anahesabu mama pamoja na Eli, wote wawili wakiandika, badala ya kumfungia nje kama mwizi. Kurudi kwaya. Na moja ambayo baba aliipinga sana mwanzoni: Eli akijikuta mahali pabaya, amelewa au aliyempeleka amelewa, apige simu saa yoyote, atachukuliwa, na hakuna maneno mpaka kesho yake. Baba alisema huko ni kumpa ruhusa. Nikamweleza ninachokihofia kuliko kurudia kunywa: mtoto kupanda bodaboda ya dereva aliyelewa kwa kuogopa kupiga simu nyumbani, au wenzake kumwacha amezimia kichakani. Aliyezimia kwa pombe alazwe ubavu, asiachwe peke yake, asimwagiwe maji wala kulazimishwa kunywa maziwa au kutapika, apelekwe hospitali. Akiwa amekunywa gongo na anasema haoni vizuri, ni haraka zaidi, inaweza kuwa sumu ya methanoli.

Simu ile ilipigwa mara moja, mwezi wa pili, saa tano usiku kutoka Kiborloni. Eli alikuwa amekunywa. Mama alimtuma dereva wa bodaboda anayemwamini amlete, Eli akalala, na maneno yalikuja asubuhi. Baba aliposikia alikaa kimya kwenye simu muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo alipiga mwenyewe?"

Kinachoendelea sasa ni kipaimara cha mdogo wake, Desemba. Kikao cha kwanza cha familia kilikuwa kigumu. Baba alipendekeza vijana wote wapewe soda, kreti zikae chumba kimoja na ufunguo uwe kwa shangazi, na wanaokusanya chupa wawe watu wazima. Baba mdogo akamgeukia mama: "Shemeji, hii ni sherehe au semina?" Babu akasema yeye amekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ulezi na msesewe, na hajawahi kulala mtaroni. Mama alimpigia goti na kumuuliza: "Baba, zamani zenu kijana wa miaka 14 alishika kata kabla ya wazee?" Mzee alifikiri. Akasema hapana, vijana walitumwa kubeba, na anayeonja njiani alijulikana. Baada ya hapo hakupinga tena.

Baba mdogo aliondoka kikaoni bila kuaga, ila mchango wake ameshautuma. Mtihani wa Eli unatangulia sherehe kwa wiki chache, na hesabu bado zinamtesa. Mzazi aliye kwenye hali kama hii na hajui aanzie wapi anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga; Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo inapatikana kwa 119. Simu zote mbili ni bure.